Kisiki cha Chemchemini

Nimekwisha kukabidhi pikipiki, koti la mvua na ufunguo wa stoo ambayo kwa miaka yote haikuwahi kuwa na kitu cha kuibwa. Kimebaki kitu kimoja ambacho hakimo kwenye fomu ya makabidhiano, ndicho hiki ninachowaandikia ninyi vijana wa ugani mnaobaki milimani. Msitegemee habari za vyeo. Nilianza bibi shamba, nikamaliza bibi shamba, na hapo katikati walinibadilishia jina la cheo mara kadhaa bila kunibadilishia viatu. Nitawasimulia habari za jembe, za miti na za chemchemi moja, kwa sababu hizo ndizo zilizonipa utumishi ninaojivunia.

Mimi ni Mnyasa wa ufukweni, upande wa Lituhi. Nimekulia kwenye muhogo, mpunga na samaki, mahali ambapo mlima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali ili kujua kama mawingu yamekaa vizuri. Chuo kilinipa cheti, ofisi ya wilaya ikanipa barua ya kwenda kijiji kimoja juu ya Litembo. Lori la mbolea lilinishusha Litembo hospitalini, nikapanda mlima kwa miguu, sanduku kichwani. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Umatengo mwezi wa sita haina adabu kwa mgeni. Mama mmoja mjane, Mama Kapinga, ndiye aliyepangiwa kunipokea. Aliliangalia gauni langu la mikono mifupi, akaingia ndani, akatoka na sweta la marehemu mumewe. Nilikuwa nimekuja kufundisha, na somo la kwanza nililipokea mimi, tena la kuvaa.

Msimu wa kwanza niliwafundisha matuta kwenye shamba la mfano. Nilikuwa na kipimo changu cha miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la A, na jiwe limening'inizwa katikati kwa uzi, cha kupimia usawa wa mteremko. Nilikipenda kipimo kile kama mtu anavyopenda redio yake ya kwanza. Nilipima, nikapiga vigingi, nikachimbisha matuta yaliyonyooka kwenye mteremko ambao boga likikuponyoka unaliaga. Wakubwa walikuja kutazama, wakasifu.

Kisha ikanyesha mvua ya siku mbili mfululizo. Tuta la juu lilijaa likapasuka, maji yake yakapasua la chini yake, na la chini yake likapasua lililofuata. Shamba la mfano la serikali likaondoka na mahindi yake, likaishia kijitoni. Shamba la jirani, la Mama Kapinga, lilikuwa limekaa palepale. Lilikuwa la ngoro, yaani vishimo vya Wamatengo, kimoja kando ya kingine mlima mzima, na kila kishimo kilikuwa kimeshika maji yake na udongo wake bila kumsumbua jirani. Mama Kapinga hakunicheka. Aliniambia tu kwamba kesho yake kuna ngokela, ile kazi ya kusaidiana ambayo leo mnalima kwangu na kesho kwako, na kwamba niache kipimo nyumbani.

Nilikwenda na bidii zote. Nikamwona mwanamume anafyeka majani kwa nyengo, ule upanga uliopinda, na kuyapanga kwa mistari inayokatana, yakaacha miraba mlimani, nami nikachukua nyengo nimsaidie. Kina mama wakacheka mpaka wakakaa chini. Kufyeka na kupanga majani ni kazi ya mwanamume. Mwanamke huja nyuma yake na jembe, akachota udongo wa katikati ya mraba na kuyafukia majani pande zote. Majani yakioza yanakuwa mbolea, na katikati panabaki shimo la kushika maji. Mmoja bila mwenzake hakuna ngoro. Nikarudisha nyengo, nikashika jembe, na jioni viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ya kutosha ukoo mzima. Mwaka uliofuata shamba la mfano lilikuwa ngoro tupu, ila kwenye ripoti niliandika "matuta yaliyoboreshwa," kwa kuwa mkubwa wangu asingefurahi kusikia kwamba wakulima ndio waliotufundisha.

Miaka ile ushirika ulikuwa bado na nguvu. Mbolea na dawa ya kahawa vilikuja kwa mkopo, na kahawa ikaenda kwa njia moja ikijulikana inakokwenda. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi walipanda mlima na mizani zao, kila mmoja na bei yake, na mwanzoni tulishangilia, nami nikiwemo. Mwaka mmoja bei ilipanda watu wakaezeka bati. Mwaka uliofuata ilianguka, na mbolea, ambayo sasa ilikuwa ya kununuliwa dukani kwa fedha mkononi, ikawa kitu cha kutazamwa. Wanaume wengi walishuka mabondeni kukata misitu na kufungua mashamba mapya ya mahindi, wengine wakaingia biashara ya mitumba. Nani basi wa kupanga majani? Kina mama walibaki na majembe yao bila miraba ya kufukia. Ngoro zikaanza kuachwa, watu wakalima sesa, yaani juujuu, na udongo ukaanza safari.

Safari hiyo niliiona ilikofikia. Nilishuka kwetu likizo, na mama yangu mzazi akanishika mkono mpaka mtoni, pale mto unapokaribia kuingia ziwani. Zamani samaki waitwao mbasa walipanda mto ule kutaga, na utotoni tulikuwa tukiwaona migongo. Mama alichota maji kwa sufuria, akaniletea puani. Yalikuwa mekundu.

"Hawa wanafunzi wako wa mlimani," akaniambia, "waambie waje wachukue udongo wao. Sisi huku tumeshashiba."

Alisema kwa utani, kama Wanyasa tulivyo na Wamatengo, lakini sikucheka. Nilirudi kazini nimekasirika, nimejiapiza kufanya jambo kubwa. Mtu aliyejiapiza kufanya jambo kubwa ni wa kuogopwa.

Jambo lenyewe lilikuja kwa jina la mradi wa miti. Tulipewa mbegu za mikaratusi, nikafungua kitalu, tukajaza udongo kwenye viriba, na miche ikaota kama ilivyoahidiwa. Mkaratusi unakua upesi, unatoa nguzo na mbao, na kwa mtu ambaye kahawa imemwangusha ulikuwa kama ndugu aliyerudi kutoka mbali na mzigo. Fomu ya mradi ilikuwa na kisanduku kimoja kilichosomwa na wakubwa: miche iliyo hai. Sasa miche tuliyopanda juu mgongoni mwa mlima ilikauka kiangazi. Ile michache iliyopandwa chini kwenye unyevu, kuizunguka chemchemi, ilisimama yote. Akili yangu ikafanya hesabu fupi. Nikawaambia watu wapande chini, na mahali pa kuchimba mashimo nikawaonyesha kwa kidole changu mwenyewe.

Aliyepanda mingi kuliko wote ni Mzee Kinunda, mkuu wa ukoo wenye ardhi ya juu ya chemchemi. Alikuwa mtu wa maneno machache na wajukuu wengi, na kila mti aliupanda kwa jina la mjukuu wa kusomeshwa sekondari. Ripoti yangu ikang'aa. Wageni wakaletwa, nikapigwa picha nimesimama kati ya miche, mkono kiunoni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikayaondoa maji kabisa. Mama Kapinga peke yake aliniuliza swali. Alitaka kujua mti unaokua upesi namna ile unakunywa nini. Nikamjibu kwa maneno ya kitabuni, akarudi kwa heshima kwenye jembe lake, nami nikadhani nimeshinda.

Miaka ilipita, miti ikawa mirefu, na chemchemi ikaanza kukonda. Chemchemi ile ilinywewa na pande mbili: ukoo wa Mzee Kinunda juu, na kitongoji cha chini alikokaa Mama Kapinga. Mwanzoni kina mama walilaumu kiangazi. Halafu wakaanza kuchota kwa bakuli, foleni ikafika njiani, na ndoo moja ikachukua muda wa kusimuliana habari za ukoo mzima na kuanza upya. Benigna, mkwe wa Mzee Kinunda, alisimama kwenye foleni ileile na wa kitongoji cha chini, chini ya miti ya baba mkwe wake, na hakuna aliyekuwa akimwachia nafasi.

Asubuhi moja ya kiangazi niliitwa mbio. Wanaume wa kitongoji cha chini walikuwa wamesimama chemchemini na mashoka, tayari kuiangusha miti. Mbele yao walikuwa wamesimama wana wa Mzee Kinunda na mapanga. Watu hao walikuwa wamebatizwa pamoja, wamelimiana mashamba, wamezikiana wazazi, na sasa hakuna aliyekuwa akimwangalia mwenzake usoni. Mwenyekiti wa kijiji alisimama katikati na jasho lake. Mimi nilipofika, wote wakanigeukia. Mmoja wa upande wa chini akaniuliza mbele za watu: mimi ni mtaalamu, niseme basi, maji yamenywewa na miti au yamezuiwa na ukame.

Wenzangu, hapo nilikuwa na mlango wa kutokea. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba kweli. Ningesema ni ukame, hakuna ambaye angenibishia, na ripoti zangu zote zingelala salama kwenye majalada yake. Nikaomba wanipe mpaka Jumapili. Mwenyekiti akadakia, akawaambia Jumapili si mbali, na wakatawanyika bila kuagana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Kapinga. Wakati ule alikuwa amezeeka, lakini bado alikuwa analima. Nilimweleza yote, jinsi mvua zilivyopungua, jinsi mambo yalivyo magumu kuyapima. Alinisikiliza huku akichambua maharage. Nilipomaliza aliniambia neno moja tu.

"Mwanangu, lile swali langu hujalijibu bado."

Jumapili baada ya misa Mzee Kinunda aliita sengu. Kwa msiojua, zamani Wamatengo wa ukoo mmoja walikula pamoja kwa babu yao. Kila mke alileta chakula chake, wanaume wakala na watoto, na baada ya kula yakazungumzwa yote ya siku, nani kaudhi nani na shamba lipi limwendee nani. Miaka ya ruksa ilipoingia kila mtu alianza kula kwake, na sengu ikabaki kuwa hadithi. Mzee Kinunda aliifufua, tena akawaita na wa kitongoji cha chini ambao hawakuwa ukoo wake. Kina mama walileta ugali, maharage na mboga, wakavitua, na badala ya kurudi jikoni, Mama Kapinga akakunja miguu akakaa. Benigna akakaa pembeni yake. Wengine wakafuata. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumwondoa Mama Kapinga.

Sheria ya sengu ni kwamba hakuna neno kabla ya kula, na kula kwenyewe ni katika sahani moja. Basi wale wa mashoka na wale wa mapanga ikabidi wanawe katika bakuli moja na kumega tonge moja baada ya jingine upande kwa upande. Hajala vibaya mtu kama tulivyokula siku ile. Lakini nimeona mikutano mingi maofisini iliyoshindwa kwa sababu watu walianza na maneno, na mpaka leo naamini waliobuni utaratibu ule walijua wanachofanya.

Mikono iliponawiwa, nikasimama.

"Shikamooni wazee wangu," nilisema. "Mmeniuliza ni miti au ni ukame. Ukame upo, lakini hata mvua ikirudi miti hii itaendelea kunywa maji yenu. Miti niliileta mimi. Pale chemchemini niliwaonyesha mimi, kwa sababu pale ilikuwa haifi na ripoti yangu ilikuwa inapendeza. Mama Kapinga aliniuliza zamani, nikamjibu kwa kiburi. Nimekosa."

Nilijua kinachoweza kufuata: barua kwenda wilayani, mimi kuhamishwa, na Wanyasa wote kusimangwa mpaka kiama. Mzee Kinunda alikohoa, akaniambia nikae.

"Bibi Shamba, mahali ulituonyesha wewe," alisema. "Majembe tulishika wenyewe, na miti ilipokua tulifurahi wenyewe. Na ngoro za kule juu zilizokuwa zinanywesha hii chemchemi, tuliziacha wenyewe wewe ukipiga kelele. Usitunyang'anye kosa letu lote, tuachie na sisi kipande."

Watu wakacheka, cheko la kwanza kwa siku nyingi, nami nikalia. Halafu akaweka mzigo wake mezani. Miti atakayoikata ni ya wajukuu, na kahawa si ya kutegemewa tena. Je, wajukuu watasoma kwa fedha gani? Lilikuwa swali la haki, na hakuna aliyejifanya hakulisikia. Aliyejibu ni Mama Kapinga. Alisema kitongoji cha chini hakina fedha, ila kina mikono, na kidole kimoja hakivunji chawa. Wao watakata miti pamoja naye, watabeba nguzo mabegani mpaka barabarani, na kila nguzo ni yake. Kisha wanaume wao watapanga majani na wanawake wao watafukia, mpaka mlima wake wote wa juu urudi kuwa ngoro, na kahawa yake iliyozeeka wataikata matawi ichipue upya. Mzee Kinunda alikubali. Akaomba jambo moja tu: shoka la kwanza liwe lake.

Alilishika mwenyewe siku ya Jumanne, na miti yote ikalala chini kabla ya juma kwisha. Ngokela iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko nilizowahi kuziona. Hata waliokuwa wameshuka mabondeni walipanda wakaja kupanga majani, wengine wamesahau jinsi yanavyopangwa na wake zao wakiwasahihisha kwa raha zote. Kuizunguka chemchemi tulipanda mikuyu, ambayo wazee walisema hukaa na maji kwa amani. Mara hii niliuliza kwanza, nikaandika baadaye.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Mkaratusi haukubali kustaafu. Mvua za kwanza kila kisiki kilitoa machipukizi, ulipokuwa mti mmoja ikataka kusimama minane. Tulibandua magome mpaka chini ya udongo, vingi vikafa, lakini vingine vilikuwa na roho ya paka. Hapo kina mama walitunga sheria ambayo haimo katika kitabu chochote cha ugani: kila anayekuja kuchota maji, kabla hajatua ndoo, avunje chipukizi moja. Awe wa juu au wa chini, awe mtoto au mkwe, awe bibi shamba. Sheria haikuwa na faini wala mlinzi. Ilikuwa na macho ya wenzako waliopo foleni, na hayo yalitosha.

Mwaka wa kwanza maji hayakuongezeka, na nilikonda. Kiangazi cha pili Benigna alinitumia salamu nifike nione. Ndoo ilijaa kabla hatujamaliza kusalimiana. Nikavunja chipukizi langu nikarudi. Njiani nilicheka peke yangu mpaka mpita njia mmoja akaniuliza kama nimepokea barua ya heri.

Msinielewe vibaya, hatukuponya ulimwengu. Kahawa iliendelea kupanda na kushuka, misitu ya mabondeni inakatwa mpaka leo, na mtoni kwetu udongo bado unafika. Lakini mama yangu kabla hajafariki alishuhudia kijito cha huku mlimani kikishuka na maji safi, maana nilimpandisha mlimani kwa gari la kahawa aje aone. Alikaa na Mama Kapinga kutwa nzima, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani na Kiswahili cha kuombea chumvi, wakielewana kuliko mimi na ofisi. Alipoonja maji, akasema wanafunzi wangu wameanza kusikia. Sifa nyingine zote nilizopata kazini nimezisahau. Wote wawili ni marehemu sasa. Mzee Kinunda naye aliondoka akiwa ameona wajukuu wake wawili wamemaliza sekondari, mmoja wao ni mwalimu.

Juma la mwisho la kazi nilimpeleka chemchemini msichana aliyepokea kituo changu. Alikuja na simu ya kupigia picha na fomu yenye visanduku vingi kuliko vyangu, akaniuliza aandike nini kwenye mafanikio. Nilimwonyesha mikuyu, nikamwonyesha ngoro zilizopanda mlima mzima, halafu nikamwonyesha kisiki kimoja kikubwa kando ya maji. Hicho ndicho kilichokataa kufa miaka yote. Watu wanakiita Kisiki cha Bibi Shamba, na mgeni akiuliza wanamsimulia kisa chote bila kunipunguzia. Nilimweleza kwamba nina vyeti kadhaa kabatini, na kwamba hakuna ninachokionea fahari kama jina lile.

Benigna alikuwa pale na ndoo yake, mvi zimemwingia. Kisiki kilikuwa na chipukizi jipya, laini, la majani ya rangi ya fedha. Nikainama nilivunje, kama nilivyozoea.

"Acha, Bibi Shamba," akaniambia. "Zamu yako imekwisha."

Akalivunja yeye. Kisha akamshika mkono bibi shamba mpya, akamwonyesha jingine upande wa pili wa kisiki.